Picha Hupewa Mwenye Sura

Magomeni nzima, mtaa wetu katika mji wa bandari wa kusini, ilimwita Fundi Picha, na mimi sitamwita vingine. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua vizuri, nimeliandika mara nyingi kwenye risiti zake, ila sitaki kumpa heshima ya kulitaja. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia hapa ana kinyongo. Nimejaribu kukitua kwa miaka, kimegoma kushuka.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye viganja vipana vilivyonuka dawa ya kusafishia picha, harufu kama ya siki iliyosahauliwa kwenye chupa. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya chumba hicho alikuwa na chumba cha giza, ambacho dirisha lake alilikomea mbao na kuliziba kwa magunia ya korosho yaliyopakwa rangi nyeusi. Wateja waliketi mbele ya pazia alilolichora mwenyewe: uwanja wa ndege, na ndege yenye madirisha matatu tu. Ukimwuliza abiria wengine wanakaa wapi, alikujibu kwamba wengine wamelala.

Fahari yake kubwa ilikuwa dirisha la kioo lililotazama barabara. Kila Ijumaa asubuhi alilifuta kwa gazeti lenye maji, akapanga humo picha zake bora, katikati kukiwa na picha moja kubwa kuliko zote. Mara nyingi alikuwa bibi harusi. Watu wakitoka msikitini, wakienda sokoni, wakishuka bandarini, walisimama pale wakatazama. Lakini hakuna picha iliyoingia dirishani bila mwenyewe kuulizwa. Kuna mama mmoja wa jirani aliyekataa, na Fundi Picha hakumshawishi hata kwa neno moja. Akairudisha picha kwenye bahasha, akasema, "Sura ni yako, mama. Mimi nina kamera tu."

Na bahasha hizo ndizo zilizomjengea jina. Kila picha iliyosafishwa ilitiwa kwenye bahasha ya kaki, ikaandikwa jina, ikafungwa kwa gundi. Ukija kuchukua, aliifungua mbele yako, akaitazama picha, akakutazama wewe, akaitazama picha tena. Kisha akasema, "Ndiye," ndipo akakukabidhi. Alimfanyia hivyo mkwewe, akamfanyia hivyo jirani aliyekaa naye ukuta kwa ukuta tangu ujana. Siku moja afisa mmoja wa bandari alikuja na risiti ya mkewe, anataka picha nne za pasipoti za mkewe, na ana haraka.

"Mkeo ana miguu?" Fundi Picha akamwuliza.

"Anayo."

"Basi aje nayo. Picha hupewa mwenye sura."

Afisa alifoka, akataja cheo chake, akatishia kuita askari. Fundi Picha akaendelea kufuta lenzi. Jioni mke akaja mwenyewe, akacheka mpaka akaketi. Baada ya hapo watu wa Magomeni walisema kwamba siri yako ukitaka itunzwe, ipige picha kwa Fundi.

Mimi nilikuwa nasoma chuo cha ualimu hapo hapo mjini, katikati ya miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa karani wa bandari, sisi watu wa kuja kutoka Iringa, tumepanga nyumba ya tatu kutoka kwake. Jumamosi nilirudi nyumbani. Fundi Picha aliona mwandiko wangu kwenye barua niliyomwandikia mama mmoja wa mtaani, akaniita niwe namwandikia majina kwenye bahasha, kwa sababu mwandiko wake mwenyewe ulikuwa kama kuku aliyefukuzwa. Malipo yangu yalikuwa kufundishwa kamera. Aliniita "Mwalimu" kwa utani kabla sijahitimu, na mimi nilifurahi kuitwa hivyo.

Somo lake lilikuwa moja: utulivu. "Tulia. Usipumue." Maneno hayo mawili aliyasema kwa kila aliyeketi mbele ya ile ndege. Mzee mmoja kutoka Msimbati aliyatii mpaka macho yakamtoka, kwa kuwa Fundi alikuwa bado anatafuta kifuniko cha lenzi na hakumbuki kumruhusu apumue. Nilimpepea mzee yule kwa bahasha. Nilipomcheka Fundi, alinuna nusu siku.

Kitu kinachotembea hakukipenda. Timu ya mtaa ilipomwomba aje kiwanjani, aliwaambia waje wao studio wasimame mstari mmoja na mpira wao mbele. "Mtu anayekimbia hana sura," alisema. "Ana mgongo na vumbi." Aliyasema haya kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuona kila kitu. Na hata siku moja sikuona picha yake mwenyewe mle ndani. Kinyozi hajinyoi.

Mtu akisoma haya atadhani nilimdharau. Nilimpenda. Kamera yake, ile nzito ya Kirusi yenye mkoba wa ngozi, hakuwahi kumwachia mtu, hata mwanawe wa kumzaa. Lakini timu ya wasichana ya chuo chetu ilipoingia fainali ya mpira wa kikapu, na mimi nikamwambia kwamba chuoni hakuna mtu wa kupiga picha, alikwenda chumba cha giza, akarudi na mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe. Akauingiza mwenyewe. Akanivika mkoba shingoni kama anayenibebesha mwana mgongoni.

"Picha thelathini na sita, Mwalimu. Usizimwage."

Katika maisha yangu hakuna aliyeniamini namna ile kabla yake. Ndiyo maana iliuma.

Nahodha wa timu alikuwa rafiki yangu Somoe, mwenyeji wa Mahurunga, tuliyelala vitanda viwili vinavyogusana bwenini. Alilelewa na bibi yake, mzaa mama. Bibi alikuwa amefariki, na arobaini yake iliangukia Jumamosi ile ile ya fainali. Siku hiyo nguo za marehemu zilikuwa zigawiwe, na wa kwanza kuitwa kwenye mkeka alikuwa awe Somoe. Mjomba wake, ambaye kwao ndiye mwenye neno, alimtumia ujumbe mapema. Somoe hakuomba ruhusa chuoni. Alimtuma dereva wa lori apeleke habari kwamba mkuu wa chuo amemnyima.

"Bibi alinijua," aliniambia usiku wa kuamkia siku hiyo. "Bibi angesema cheza. Lakini mjomba si bibi."

Sikumlaumu wakati huo. Simlaumu hata leo.

Uwanja wa chuo ulikuwa wa saruji, vikapu havina nyavu, na nyuma ya goli moja walikuwa wamefunga kitambaa cheupe kilichoandikwa kwa rangi ya bluu FAINALI, na chini yake siku na tarehe. Wageni walikuwa wametoka Masasi, warefu, wamevaa sare moja. Wetu walivaa kila mmoja alichopata. Somoe alikuwa na suruali ndefu ya michezo, kilemba cheusi, na raba ambazo moja haikukaza kamba.

Nilijikunyata pembeni ya goli nikiwa sijui chochote. Nilichofundishwa ni watu waliokaa. Mpira ukija upande huu, mimi bado natafuta umbali. Nikiupata umbali, wameshakimbilia kule. Picha kumi za kwanza nilipiga migongo, moja nikapiga tumbo la refa. Halafu likatokea la kutokea. Mchezaji wetu mmoja alisimama kwenye mstari kutupa mpira wa adhabu, uwanja mzima kimya, na mimi, kwa mazoea ya studio, nikapaza sauti:

"Tulia! Usipumue!"

Akageuka kunitazama, mpira ukamponyoka, ukapiga ukingo wa chuma ukarudi. Watu wakaangua kicheko mpaka wageni wakashikana mabega. Refa akanisogelea na filimbi mdomoni.

"Dada, wewe mpiga picha au kocha?"

"Mpiga picha, shikamoo."

"Basi piga picha."

Somoe alipita mbele yangu anadunda mpira, anacheka, akasema bila kusimama, "Sisi tunapumua, bwana!" Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nawangoja watulie, na mchezo ule hautulii. Nikaacha kuwafuata. Nikapima umbali wa goli mara moja, nikaliweka goli kwenye kioo cha kamera, nikangoja watu waje wenyewe. Picha zikaanza kuingia.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Somoe alinyang'anya mpira katikati, akapita wawili, akaruka. Sikusema tulia. Nilibonyeza. Nilijua kidoleni kabla sijajua kichwani kwamba nimempata: miguu yote miwili juu ya saruji, kamba ya raba inaning'inia, mdomo wazi, mpira umeshatoka vidoleni. Tulishinda.

Watu walipombeba akajichomoa, akanijia na jasho linamtiririka.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Isionekane na mtu. Nyumbani wanajua nimenyimwa ruhusa."

"Haitaonekana."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Somoe."

Jumapili mchana niliingia na Fundi Picha kwenye chumba cha giza. Chini ya ile taa nyekundu alizitoa karatasi moja moja kwenye dawa, akiguna. Migongo, akaguna. Tumbo la refa, akaguna kwa nguvu. Kisha ikaja ile. Alikuwa ameishika kwa koleo, na mkono wake ukabaki hewani, dawa ikidondoka kwenye kiatu. Lafudhi ya kwao ya Kimakonde ilimtoka kwenye Kiswahili kila alipopatwa na jambo.

"Ntu anapaa," alisema polepole. "Ntu huyu anakimbia, na ana sura."

Nilidhani anafurahi kwa ajili yangu. Nilimweleza yote: jinsi nilivyoipiga, arobaini, mjomba, nguo za bibi, tarehe inayosomeka kwenye kitambaa, kiapo changu. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Akanipa bahasha ya kaki, nikaandika SOMOE kwa herufi kubwa, akaitia picha pamoja na negativu yake, akafunga kwa gundi.

"Picha ya mtu ni siri ya mtu," akasema. "Mwambie aje mwenyewe."

Kesho yake tulitawanywa kwenda mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipelekwa Msimbati wiki saba, Somoe akapangiwa shule ya mjini. Nilifundisha watoto wa pale kuandika, mchana tukila muhogo na dagaa, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyowasifia walimu wenzangu fundi wangu wa Magomeni, mtu wa pekee anayejua kutunza siri.

Niliporudi nilipita studio kabla ya kufika nyumbani. Katikati ya dirisha, pale pa bibi harusi, alikuwa Somoe, amekuzwa mpaka upana wa sinia, anapaa. Nyuma yake FAINALI, na tarehe. Pembeni chini kulikuwa na muhuri wa studio na jina la Fundi Picha, aliyekuwa hajawahi kukanyaga uwanja ule. Kulikuwa na watu watano wanatazama. Mmoja alisema, "Fundi kiboko."

Nilichelewa. Mjomba wa Somoe alikuwa ameshakuja mjini kupiga pasipoti ya kitambulisho cha ushirika wa korosho. Alisimama dirishani kama kila mtu. Alisoma tarehe. Akatembea kwa miguu mpaka shule aliyokuwa akifundisha mpwa wake, akamwita getini. Hakumpigia kelele. Alimwambia, "Nguo za bibi yako zimekaa nkekani mpaka alasiri, watu wanakungoja. Kumbe mwenzetu ulikuwa unaruka." Akamwambia nguo zimeshagawiwa, na kwamba asijisumbue kuja.

Somoe alinisimulia hayo akiwa amesimama bwenini, anakunja godoro lake kulihamishia kitanda cha mbali.

"Si mimi niliyeiweka," nikamwambia.

"Kamera ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu. Lakini dirishani ameiweka yeye. Nilimkataza."

"Nilikwenda kumwuliza," akasema. "Kasema ni wewe. Kasema mwenzako ndiye kaileta anataka ibandikwe watu waione."

Nilikimbia Magomeni nikiwa na kandambili. Nilimkuta anakata pasipoti kwa mkasi, akaniita Mwalimu, kama kawaida yake. Nilimwomba kitu kimoja: aje chuoni amwambie Somoe sentensi moja, kwamba ni yeye aliyeiweka. Basi. Sikumwomba afute muhuri wake. Jina la picha angebaki nalo.

Aliendelea kukata. Pasipoti mbili, tatu.

"Nikisema hivyo," akasema hatimaye, "nani tena ataniachia picha yake?"

"Lakini ni kweli, Fundi."

"Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi hukosea, watu husahau. Mimi ni bahasha zile. Watu wakisikia nimefungua moja, nafunga duka."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia kichaa. Alikuwa amenitoa kafara kwa ajili ya sifa ya kutunza siri, baada ya kuuza siri. Na aliuza kwa nini? Si kwa shilingi. Miaka yote ile alipiga watu waliozuiwa kupumua, halafu akaona picha moja inayopumua, na haikuwa yake. Hakuweza kuvumilia. Nilimwelewa kabisa, na kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliacha kalamu ya bahasha juu ya meza yake nikatoka.

Somoe alimaliza chuo bila kunisemesha. Aliomba kupangiwa mbali, akapelekwa mikoa ya ziwa. Nilimwandikia barua nne. Ya nne ilirudi haijafunguliwa.

Miaka ikaenda. Nikafundisha Newala, nikaolewa, nikazaa. Katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati magari ya wageni wa gesi yanapishana njia ya Msimbati, nilikuja Magomeni kumwona mama, na nikawa nahitaji pasipoti za fomu ya kujiendeleza. Nusu ya studio ilikuwa imekuwa mahali pa kuchaji simu. Mkwe wa Fundi Picha ndiye aliyeshughulika na printa. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti, mtoto wa jicho ameshaingia jicho moja, na kamera ndogo ya kisasa mkononi.

"Karibu, mama. Pasipoti?"

"Pasipoti nne."

Hakunijua. Nimenenepa, navaa miwani, na sikumsaidia. Niliketi mbele ya ile ndege ya madirisha matatu.

"Tulia," akasema. "Usipumue."

Niliposimama nikaiona. Haikuwa dirishani tena, ilikuwa ndani ukutani, kwenye fremu. Nikauliza ile ni picha gani. Uso wake ukachangamka. Akanisimulia jinsi alivyojikunyata pembeni ya goli, alivyopiga migongo mwanzoni, alivyoacha kuufuata mpira akangoja wachezaji waje. Yalikuwa maneno yangu, niliyompa mimi chini ya taa nyekundu.

"Na mwenyewe aliipenda?" nikauliza.

Akatazama mlangoni. Mkwe wake alikuwa ametoka kwenda kununua wino.

"Niseme kweli, mama, maana wewe mgeni. Mwenyewe hakutaka. Kulikuwa na binti mmoja akinisaidia kazi, akanisihi sana nisiiweke. Nikaiweka mwenyewe, kwa mkono huu. Mwenye picha alipokuja analia nikamtupia lawama yule binti. Vijana, nikajua watapatana."

Sentensi niliyoingoja miaka karibu kumi ilikuwa imesemwa, yote, bila kuombwa. Na aliyepaswa kuisikia alikuwa upande wa pili wa nchi.

"Mzee," nikasema, "ile bahasha yake unayo?"

Alivuta droo, akapapasa, akaitoa. Ya kaki, imefifia, SOMOE kwa herufi kubwa za mkono wangu. Ndani, alisema, mna nakala ya kwanza na negativu.

"Nipe nimpelekee. Namjua."

Akaivuta kifuani haraka.

"Hapana, mama. Hiyo siwezi. Picha hupewa mwenye sura. Aje mwenyewe."

Nikamtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa akinidhihaki. Aliirudisha bahasha kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni mwa shati.

Mkwe akarudi, printa ikalia, pasipoti zangu nne zikatoka. Fundi Picha akazitia kwenye bahasha, kisha akakumbuka desturi yake, akaitoa moja. Aliisogeza karibu na lile jicho zima, akaitazama. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu, paji mpaka kidevu. Akaitazama picha tena.

"Ndiye," akasema, akanikabidhi.